Nyama katika Kingereza cha kazi: nani kanari, nani mbuzi

Ku Lubumbashi, siku ya mpira, mtu anakunywa Simba, mwenzake anakunywa Tembo, kisha wote wawili wanaenda kushangilia Kunguru wa Mazembe, timu yenye mamba ku alama yake, mamba anayebeba mpira kinywani. Hakuna anayeuliza simba anafanya nini ndani ya chupa. Tumezoea. Kila luga iko na zizi lake la nyama, na mwenye luga hasikii tena wakilia. Anayesikia ni mgeni.

Ku mine, mbele ya Kingereza, wageni ni siye. Kingereza chenyewe hakikufika jana. Treni ya kwanza iliyoingia Élisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, upande wa Rodezia, na Kingereza kilikuwa ndani yake. Leo kinarudi kwa njia zingine: vitabu vya mashini, maandishi ya usalama ku ukuta, ekran ya kabini, na mashefu kutoka Zambia, Afrika ya Kusini, Australia na Kanada. Reunion inafanyika kwa Kifaransa, shefu anawaza kwa Kingereza, mfanyakazi anasikiliza kwa Swahili. Kati ya hizo luga tatu maneno mengi yanaanguka njiani, na yanayoanguka kwanza ni yale yenye nyama ndani.

Mimi ni delege wa sendika, hapana mwalimu wa luga. Lakini kazi ya delege ni kusikiliza maneno kabla ya kusikiliza falanga. Na katika hayo maneno ya nyama, kuna moja linasema nani ataanguka wa kwanza. Kuna lingine linasema nani atabeba kosa. Kuna lingine linasema greve yenu iko ndani ya sheria ao iko inje. Mfanyakazi anayejua ni nyama gani inazungumzwa, anajua pia wanataka kumufanya nini.

Tuanze na yale yasiyouma.

Zizi ndani ya atelier

Chukua mashini ya kuinua mizigo. Kifaransa kinasema «grue», Kingereza kinasema «crane», na katika luga zote mbili hilo ni jina la ndege, yule korongo mwenye shingo ndefu na miguu mirefu. Hapo Mfaransa na Mwingereza waliona kitu kimoja. Lakini hawasikilizani kila mara. Ile chuma ya kung'olea misumari na kupandulia mbao, Mwingereza anaiita «crowbar», chuma ya kunguru, juu ncha yake ilifananishwa na kunguru. Mfaransa anaangalia ncha ile ile iliyogawanyika mara mbili, anaona kwato la paa jike: «pied-de-biche». Bomba iliyokunjwa kwa juu, Mfaransa anaona shingo ya bata-maji mweupe, «col de cygne». Mwingereza mara nyingi anaona shingo ya bata bukini, «gooseneck». Seremala anayeunganisha mbao mbili bila msumari, kwa Kifaransa anakata mkia wa mbayuwayu, kwa Kingereza anakata mkia wa njiwa. Vani ya kufunga maji kwa sahani inayozunguka ndani ya bomba, wote wawili wanaiita kipepeo.

Chuma ni moja, macho ni mbalimbali. Kwa kijana anayesoma kitabu cha mashini kwa msaada wa telefone inayotafsiri neno kwa neno, hii ni habari ya kazi kabisa. Telefone ikikuambia «angalia shingo ya bata», usicheke, usipite. Tafuta bomba iliyokunjwa.

Kuna jina moja tunaloliona kila siku ku mgongo wa mashini za manjano: CAT. Wengi wanafikiri ni paka, juu kwa Kingereza «cat» ni paka. Hapana. Ni ufupi wa «caterpillar», yaani kiwavi, ndugu ya vile viwavi tunavyokula na bukari musimu wa mvua. Mwaka 1904, ku California, mtu mmoja jina lake Benjamin Holt alikuwa na trakta nzito ambazo magurudumu yake yalizama katika udongo laini. Akaondoa magurudumu ya nyuma, akaweka minyororo mipana. Mpiga picha aliyeona trakta ile ikitembea alisema inatambaa kama kiwavi. Jina likashika, likakuwa alama ya biashara, na leo kiwavi anabeba mawe yetu.

Watu wa fonderie wao wako na nguruwe. Zamani chuma iliyoyeyuka ilitoka ku furu ikapita katika mfereji mrefu wa mchanga, na pembeni ya mfereji walichimba vishimo vifupi vifupi vilivyopangwa moja karibu na nyingine. Ukiangalia kutoka juu, unaona nguruwe jike amelala na watoto wake wananyonya. Njo sababu chuma ile ya kwanza inaitwa kwa Kingereza «pig iron», chuma ya nguruwe, mpaka leo, hata kama mashini za kisasa hazina tena mfereji wa mchanga. Kifaransa kinasema «fonte», hakikuona nguruwe hata mmoja.

Na farasi? Nguvu ya mota tunaipima kwa farasi, «chevaux» kwa Kifaransa, «horsepower» kwa Kingereza. Aliyeweka hesabu hiyo ni James Watt, fundi wa Scotland, mwisho wa karne ya 18. Alikuwa anauza mashini za mvuke kwa watu waliotumia farasi kuzungusha vinu na kuvuta maji. Mnunuzi alikuwa na swali moja: mashini yako inachukua nafasi ya farasi wangapi? Watt akapiga hesabu, akasema farasi mmoja ni sawa na kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Kwa vipimo vya leo ni karibu wati 746. Lile swali la mnunuzi halijazeeka. Siku hizi wanaliuliza tena ku mine, lakini hawahesabu farasi.

Kanari: neno lililotoka ku shimo

Sasa tuingie ku maneno mazito. La kwanza ni letu, watu wa mine, na limezunguka dunia nzima: «canary in the coal mine», kanari ndani ya mine ya makaa ya mawe. Leo wanalitumia watu ambao hawajavaa kaskete hata siku moja. Benki ndogo ikianguka, wanasema ni kanari. Samaki wakikufa mutoni, wanasema ni kanari. Maana yake: kitu kidogo kinachoanguka kwanza na kuonya wengine.

Tarehe 27 Januari 1896, ku Tylorstown, katika nchi ya Wales, mine ya makaa ya mawe ililipuka. Walikufa watu 57. Daktari mmoja wa Scotland, John Scott Haldane, alikwenda kuangalia maiti. Akaona kwamba wengi hawakuuawa na moto wala na nguvu ya mlipuko. Waliuawa na gazi iliyokuja nyuma: monoksidi ya kaboni. Gazi hiyo haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Mtu anasikia kichwa kizito, miguu inalegea, anakaa chini apumzike kidogo, hasimami tena.

Haldane akawaza: tunahitaji mwili mdogo unaopumua mbio kuliko mtu. Mwili mdogo unaichukua gazi haraka, unaonyesha hatari kabla ya mtu kuisikia. Akashauri panya ao ndege. Kanari akashinda panya, juu akizidiwa anaanguka kutoka ku kijiti chake na kila mtu anaona. Mwaka 1911 sheria ya Uingereza ikaomba vituo vya uokozi vya mine vikuwe na ndege hao. Wakabaki katika kazi mpaka mwisho wa mwaka 1986, wakati serikali ilitangaza kwamba zaidi ya kanari 200 wataondolewa kidogo kidogo na nafasi yao itachukuliwa na mashini za elektroniki. Wachimbaji wengine walihuzunika. Walikuwa wanapigia ndege wao mluzi wakati wa kazi, na ndege alikuwa anaitika.

Jina lenyewe liko na mchezo wake. Ndege anaitwa hivyo juu alitoka ku visiwa vya Canarias, na visiwa vile, kwa Kilatini cha zamani, viliitwa visiwa vya mbwa. Kwa hiyo kanari, ukifuata njia ya jina, ni ndege wa nchi ya mbwa.

Lakini kitu ninachotaka kila mfanyakazi ashike ni hiki. Kulikuwa na kibanda cha kanari kilichofanywa na chupa ya oksijeni juu yake. Ndege akianguka, wanafunga mlango wa kibanda, wanafungua chupa, ndege anapumua, anaamka. Ndege alikuwa na chupa yake. Kazi yake ilikuwa kuonya, na kulikuwa na mpango wa kumuokoa.

Basi, ndugu, siku moja ukisikia ku reunion kwamba ekipe fulani ni kanari wa mradi, kwamba watu wa sutretansi wataanza katika galeri mpya «ili tuone», usitafute maana katika dictionnaire peke yake. Uliza: chupa iko wapi? Detekta ya gazi iko ku mkono wa nani? Nani anafunga mlango na kufungua hewa tukianguka? Kama jibu halipo, basi wamekuweka chini ya yule ndege.

Na gazi ya Haldane haikubaki Uingereza. Iko katika moshi wa mota za dizeli ku chini ya udongo, iko katika hewa baada ya kupiga mine, ndiyo maana hakuna mtu anaingia mbele ya muda uliowekwa na mbele ya ventilasio kufanya kazi yake. Iko pia ku nyumba. Mama zetu, hii ni kwa ajili yenu zaidi: mbabula yenye makala mekundu, ikilala ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba, inatoa gazi ile ile. Makala yasiyotoa moshi yanadanganya. Moshi umeisha lakini gazi iko. Mbabula ilale inje. Nyumbani hakuna kanari, na mtoto mdogo ndiye anayepumua mbio kuliko wote.

Imbwa wao hapana imbwa wetu

Miaka kadhaa iliyopita, ku site moja ambayo sitaitaja, shefu mgeni alimwambia opereta mmoja aliyepata konje yake siku moja kabla ya Noeli: «You lucky dog!» Kijana wa kutafsiri akafasiri kama alivyosikia: «Anasema uko imbwa mwenye bahati.» Opereta akazima mashini. Akashuka. «Mimi baba ya watoto sita, ananiita imbwa mbele ya bana?» Wenzake nao wakazima. Saa moja na nusu hakuna jiwe lililotembea.

Opereta alikuwa na haki kwa alichosikia. Kwetu imbwa hawekwi juu ya mtu mzima. Lakini katika Kingereza imbwa analala ndani ya nyumba, na maneno yake ni ya kila namna. «Lucky dog» ni mtu wa bahati, linasemwa kwa kicheko, kama siye tunavyosema «uko na Mungu, wee». «Top dog» ni mwenye kushika ukubwa. «Underdog» ni yule ambaye watu wote wanafikiri atashindwa, na mara nyingi Waingereza wanamupenda, wanamuombea ashinde. Kama imbwa ndiye anachoka, ni uchovu wa kupita kiasi. Tuliwakalisha wote wawili, shefu na opereta. Shefu akaeleza, akasema «pole, papa», na mashini zikawaka. Kijana wa kutafsiri naye alijifunza: ukikuta nyama ndani ya neno, usimubebe mzima mzima, uliza kwanza amebeba nini.

Vivyo hivyo kwa «guinea pig». Ukifasiri neno kwa neno unapata nguruwe wa Guinée. Si nguruwe, na hakutoka Guinée. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Ni yule mnyama mdogo ambaye Kifaransa kinamuita «cobaye», na maana yake ni ile ile katika luga zote mbili: mtu anayefanyiwa majaribio. Wakileta zamu mpya za saa 12 na kusema ni kujaribu tu, swali la cobaye liko pale pale: jaribio linaisha siku gani, nani anapima, na nani alikubali?

Lakini tusidanganyane. Si kila nyama ni methali. Baba zetu waliitwa «macaque» na wakoloni, na hakuna mtu aliyehitaji mfasiri. Kingereza kiko na maneno ya nyani yasiyo na ubaya, kama vile «monkey wrench», aina ya ufunguo wa boloti ambao unaregezwa na kukazwa. Ufunguo ni ufunguo. Mtu akimuita mfanyakazi nyani, hapo tumetoka ku luga, tumeingia ku matusi, na matusi yanaandikwa: tarehe, saa, mahali, mashahidi wawili, kisha barua ku delegasio. Kujua maneno kunasaidia pande zote mbili: hatukasiriki bure, na hatunyamazi bure.

Paka wa pori, panya na paka mnene

Kwa watu wa sendika, neno la kwanza la kujua ni «wildcat», paka wa pori. «Wildcat strike» ni greve ambayo sendika haikuita, haikupitia njia ya sheria. Kifaransa kinasema «grève sauvage», kwa hiyo luga zote mbili zinaiweka porini. Katika Kingereza cha Amerika cha karne ya 19, «wildcat» lilikuwa jina la kitu chochote cha hatari kisicho na msingi: waliita hivyo benki zilizotoa noti bila dhahabu ya kutosha nyuma yake. Kisima cha kutafuta mafuta mahali ambapo hakuna aliyepata bado, nacho kinaitwa hivyo. Greve ikapata jina katika ukoo huo.

Kwa nini neno hili linatugusa? Juu Code ya kazi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Octoba 2002, inaweka njia kabla ya greve: kwanza upatanisho mbele ya inspekta wa kazi, kisha usuluhishi. Mwenye kuruka njia hiyo anampa mwajiri fimbo. Ukiona ku barua pepe ya direksio neno «wildcat», usifikiri wanazungumza juu ya mashini za CAT. Wameanza tayari kuandika kwamba greve yenu iko inje ya sheria. Siku hiyo hiyo delege atoe karatasi zake: barua ya malalamiko, proces-verbal, tarehe ya kukutana na inspekta. Paka wa pori akionyesha karatasi, anakuwa paka wa nyumba.

Wafanyakazi wa Amerika nao walichagua nyama wao. Mwaka 1990, ku Chicago, sendika ya wajenzi wa matofali ilitengenezesha panya mkubwa wa mpira anayejazwa hewa, meno inje, tumbo lenye vidonda. Wanamusimamisha mbele ya mlango wa kampuni inayokimbia sendika. Watu wanapita, wanaona panya mrefu kuliko mlango, wanauliza kuna nini. «Rat» kwa Kingereza cha sendika ni mwenye kusaliti wenzake wa kazi. Kampuni zilikwenda kumushitaki yule panya. Mwaka 2021 baraza la serikali linalosimamia uhusiano wa kazi likatupa mashitaka: panya ana haki ya kusimama.

Ku Uingereza walikuja na nguruwe wa kweli. Mwaka 1995, mkubwa wa kampuni ya gazi ya nchi, Cedric Brown, alikuwa amepandishiwa mshahara kwa asilimia 75 mpaka pauni 475,000 kwa mwaka. Sendika GMB ikapeleka nguruwe mbele ya mkutano mkuu wa wenye hisa, ikamupa jina la Cedric, ikamulisha hadharani. Magazeti yote yalipiga picha. Toka wakati huo «fat cat», paka mnene, ni jina ambalo Waingereza wengi wanawapa wakubwa wanaojilipa bila haya. Sipendekezi mtu apeleke nguruwe ku direksio. Ninaonyesha tu kwamba wale wenye luga wanaitumia kwa kujitetea. Nyama mmoja anayechekesha alifanya kazi ambayo rapori ya kurasa 100 haikufanya.

Dume, dubu na fungu la simba

Bei ya shaba yetu inapangwa sana ku London, ku soko la metali lililoanza mwaka 1877. Ukisikiliza habari za Kingereza utasikia wanyama wawili: «bull», ng'ombe dume, na «bear», dubu. Soko la dume ni bei inapanda. Soko la dubu ni bei inashuka. Dubu alikuja wa kwanza. Alitoka ku methali ambayo Mfaransa anaijua pia: usiuze ngozi ya dubu kabla hujamuua. Ku London, miaka 300 iliyopita, kulikuwa na wafanya biashara waliouza kitu ambacho hawana bado, wakitumaini kwamba bei itashuka wakinunue kwa rahisi. Wakawaita wauza ngozi ya dubu, kisha dubu tu. Dume akawekwa upande wa pili ili wapigane.

Katanga inamujua dubu kwa uso. Mwaka 2008 tonne ya shaba ilikuwa zaidi ya dola 8,000 katikati ya mwaka. Kufika Desemba ilikuwa karibu 3,000. Kampuni nyingi zilifunga milango, watu walirudi nyumbani na kaskete mkononi. Basi tukiwa katika mazungumzo ya mishahara na direksio ikasema «bear market», tusishike kichwa haraka. Tuulize: ni dubu wa wiki moja ao wa mwaka? Na wakati wa dume, prime ilipanda ngapi?

Neno la mwisho la falanga ni «the lion's share», fungu la simba. Kifaransa ni sawasawa: «la part du lion». Limetoka ku hadithi za Aesop, Mgiriki wa zamani. Simba alikwenda kuwinda na wanyama wengine. Wakati wa kugawa, akachukua fungu la kwanza juu yeye ni mfalme, la pili juu ana nguvu, na yaliyobaki akauliza nani atathubutu kuyagusa. Leo watu wanasema fungu la simba wakimaanisha fungu kubwa. Katika hadithi simba alichukua yote.

Siye tuko na namba za kupimia simba. Code minier iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema redevance ya mine inagawanywa hivi: asilimia 50 ku serikali kuu, 25 ku provinsi, 15 ku entité ya mahali mine iko, na 10 ku mfuko wa vizazi vinavyokuja. Kusema «wanakula fungu la simba» ni rahisi, na kunapoza moyo. Kuuliza ku commune ao ku chefferie «ile 15 ya mwaka huu ilifika lini na ilijenga nini» kunamufanya simba ageuke.

Mbuzi anayepelekwa jangwani

Nimeacha mbuzi mpaka mwisho kwa sababu ndiye anayeingia sana ku ofisi yetu ya sendika. Kingereza kinasema «scapegoat», Kifaransa «bouc émissaire», siye tunasema mbuzi wa kafara. Wote tunasoma ku kitabu kimoja, Mambo ya Walawi, sura ya 16. Lakini msome vizuri: kuna mbuzi wawili. Wa kwanza anachinjwa. Wa pili kuhani anaweka mikono juu ya kichwa chake, anataja makosa ya watu wote, kisha mbuzi anapelekwa jangwani akiwa hai. Neno la Kingereza lilitungwa na William Tyndale alipofasiri vitabu hivyo mwaka 1530, na maana yake ni mbuzi anayeponyoka. Ameponyoka kisu, lakini anatembea na makosa ya kijiji kizima mgongoni.

Angalia sasa aksida ku kariere. Lori la tonne nyingi limeteleza ku mteremko. Siku tatu baadaye rapori imetoka, na neno kubwa ni «operator error», kosa la opereta. Opereta hakukufa. Anaachishwa kazi kwa kosa zito, na karatasi ile inamutangulia kila mahali anapokwenda kuomba kazi. Huyo njo mbuzi wa pili. Yuko hai, yuko jangwani, na bibi yake na watoto wako naye.

Katika Walawi hakuna anayesema kwamba mbuzi alikosa. Kila mtu aliyesimama pale alijua makosa ni ya nani. Ku kariere ni vigumu zaidi, juu wanatuomba tuamini kwamba mbuzi alifanya yote peke yake. Labda opereta alikosa kweli, inatokea. Lakini kabla ya kumuwekea mikono juu ya kichwa, kuna mambo ya kuuliza, na delege ana haki ya kuyauliza ndani ya comité ya usalama. Freni za lori lile zilikaguliwa lini, na daftari liko wapi? Opereta alikuwa katika saa ya ngapi ya zamu yake, na zamu ya ngapi mfululizo? Barabara ilimwagiwa maji kiasi gani asubuhi ile? Ukingo wa udongo pembeni ya barabara ulikuwa na urefu unaotakiwa? Nani alikuwa ameandika onyo juu ya mahali pale mbele ya aksida, na onyo lile lilifika ku meza ya nani?

Maswali matano. Mara nyingi ukifika ku la tatu, unaona kwamba mbuzi alikuwa na wenzake, wengine wamevaa shati nyeupe.

Kwa hiyo ninaomba wadelege wenzangu wakuwe na daftari ndogo mfukoni ku reunion. Ukisikia jina la nyama katika Kingereza, andika kama ulivyosikia, hata kama herufi si sawa, na weka pembeni nani alilisema na juu ya nani. Kabla ya kutia sahihi proces-verbal, inua mkono uombe lielezwe kwa Kifaransa ao kwa Swahili, na maelezo yaandikwe ndani ya karatasi. Hakuna aibu kuuliza. Mwenye kulisema mara nyingi hajui mwenyewe limetoka wapi, na akilieleza polepole mbele ya watu, anasikia pia alichokuwa anasema.